Upande wa Pili wa Behewa

Bibi Mkawasi aliinama hadi pua ikakaribia kuligusa lile behewa dogo la mbao. Mwakio, fundi jirani yake, alikuwa ameiga behewa la treni ya zamani bila kuacha kitu: vitasa, ngazi, hata kutu iliyokuwa chini ya milango. Bibi alipoligeuza, akakuta mbao tupu.

“Mbona huku hukumaliza, mwanangu?”

“Picha zote ni za upande wa jukwaa la stesheni, mama, hata hizi nilizoagiza Uingereza lilikoundwa. Upande huo sijauona.”

“Si ungekisia tu? Nani angejua?”

“Nikikisia litakuwa behewa langu, si lile lililokuwa likipita hapa kwetu.”

Bibi alimtazama kwa heshima aliyozoea kuwapa waliomzidi umri. Enzi zile wachuuzi walifukuzwa jukwaani. Yeye na wenzake walisimama ng'ambo ya pili, kwenye kokoto, wakiwainulia abiria machungwa madirishani. Upande uliopakwa rangi ndiyo kwanza anauona leo.

Akafumba macho, akainua mkono juu kama aliyeshika kikapu.

“Nipe penseli,” alisema.