Bastola ya Fundi Shekue

Zubeiri alikusanya bastola za majaribio za zamani, zile za kwanza kabisa kujipakia risasi zenyewe, na hii iliyoundwa na Fundi Shekue aliipenda kama mboni ya jicho lake. Siku binti wa fundi, Bi Somoe, alipokuja kuiona, Zubeiri aliitoa kabatini ikimeta kama kioo.

“Baba alilichora jina langu hapa kwa msumari siku niliyozaliwa, mwanangu,” alisema bibi, akipapasa chuma kwa kidole.

Zubeiri akaikumbuka mikwaruzo aliyoisugua kwa msasa mpaka ikatoweka, eti inaitia bastola doa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Macho yangu haya! Basi itakuwa upande wa pili,” alisema Bi Somoe, akaigeuza tena.