Kiboko Abadilisha Mchezaji

Aliishi Kiboko, kocha wa mpira wa kikapu, mwenye moyo mkubwa na pupa kubwa zaidi. Kabla ya fainali alimtoa mfungaji wake, Komba, kwa timu ya Fisi, akapewa Nungunungu.

“Nani atathubutu kumkaba huyu?” alitamba.

Fisi alikuwa amekubali upesi mno, na Kiboko hakujiuliza kwa nini.

Kweli, uwanjani wote walimpisha Nungunungu. Alipopewa pasi, miiba ikamsimama kwa furaha, mpira ukamtua mgongoni, ukanywea kama chapati. Ukaletwa mwingine, nao ukapasuka. Wa tatu akauwahi Komba, akafunga, na kombe likaenda kwa Fisi.

Nungunungu akalia. “Nirudishe nilikotoka, kocha.”

Kiboko akafungua mikono. “Njoo nikukumbatie, mwanangu. Ngozi ngumu ninayo. Akili ndiyo sikuwa nayo.”