Jina la Kitindamimba

"Simu yangu kaitumbukiza kwenye pipa la maji, sista. Nikimwona kwa macho yangu haya mawili!"

Odilia alikaa kwa shida kwenye kiti, mimba ya miezi minane imemjaa hadi kifuani. Pembeni yake alikuwa mama mkwe wake, Bibi Nashipai, mama wa Kimasai aliyejifunga shuka la bluu, ametulia tuli kama vile anasemwa mtu mwingine.

Nesi Celestina alifungua droo. Chumba cha afya ya akili pale Mikumi ni kidogo, na kila lori la barabara kuu likipita kioo cha dirisha kinatetemeka. Fomu za kupimia zilikuwa za aina tatu: ya kumbukumbu, ya sonona na ya hofu. Nje benchi limejaa watu. Muda ulitosha fomu moja kwa kila mgonjwa, tena kwa kubanabana, kwa hiyo ilibidi achague vizuri.

"Kingine?" aliuliza.

"Shanga kavua zote. Wageni wakija anawakimbilia hukohuko njiani, hawafiki mlangoni. Hayo ningevumilia. Lakini sista, amemsahau mume wangu! Mwanawe wa kumzaa, kitindamimba! Nikimtaja Tipis ananikatiza, anaanza habari za ng'ombe. Wiki ya tatu sasa." Machozi yalimtoka Odilia, akayafuta kwa ncha ya khanga. "Na Tipis mwenyewe yuko Dar, kazi ya ulinzi. Namba yake ilikuwa kwenye simu hiyohiyo, kichwani sina. Shemeji Seuri ananiambia tu yuko salama, nisihangaike."

"Usilie, dada. Presha yako itapanda."

"Nisilie vipi? Mimba mbili zimeshatoka, hii ndiyo imekubali. Tulipanga mama ampokee mtoto, anilelee. Kama akili imeondoka, nitamwachiaje kichanga? Itabidi nirudi kwetu Magomeni ya Kilosa, nikajifungulie kwa mama yangu. Na huko nitakaa naye mpaka akue."

Bibi Nashipai aligeuzia uso dirishani. Jamani, mjukuu yule alikuwa akimsubiri kuliko kitu chochote! Ndama jike wa kumpa alishamtenga tangu mimba ina miezi minne, na kila jioni alikuwa akimkanda Odilia miguu kwa mafuta, huku akiongea na tumbo kwa Kimasai.

Celestina akachukua fomu ya kumbukumbu. Mgonjwa kaletwa kwa kusahau, sasa fomu nyingine ya nini?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo siku gani?"

"Jumatano. Kesho watu wanakwenda mnadani."

Akamtajia vitu vitatu avishike kichwani: kibuyu, mlango, moto. Akamwambia atoe saba kwenye mia, atoe tena, aendelee hivyohivyo. Loo! Bibi alikwenda mbio, Celestina mwenyewe akaachwa nyuma akihesabia vidole chini ya meza. Na vile vitu vitatu alivirudia bila kukosea hata kimoja.

"Vizuri sana. Sasa nitajie watoto wako."

"Seuri. Ngoitiko."

"Na mwingine?"

Bibi Nashipai aliangalia mikono yake.

"Nimeshakutajia," alisema.

Odilia akaangua kilio. "Umeona? Umesikia mwenyewe, sista! Mume wangu akirudi nitamwambia nini? Kwamba mama yake hamjui?"

Celestina alimsimamisha taratibu, akampeleka hadi kwenye benchi, akarudi na kufunga mlango. Moyo ulikuwa haujatulia. Wazee wa kusahau alikuwa amewapima wengi. Wanasahau walichokula asubuhi, wanasahau njia ya chooni, lakini mtoto waliyemzaa wanamwita mpaka mwisho, hata kama wanamwita kwa kumfananisha na mtu mwingine. Huyu anatoa saba kwenye mia kama mwanafunzi, halafu apotelewe na mwana mmoja tu? Aliona wazi kwamba alikuwa amechagua fomu isiyo yake. Acha walioko benchi wanune. Akatoa ya sonona.

"Bibi, wiki mbili hizi unalala?"

"Silali."

"Unakula?"

"Huyu mkwe wangu akiniangalia, nakula."

"Unalia?"

"Nikienda kuni. Kule hakuna mtu."

Celestina aliweka alama kwenye kila mstari, na kila alama ilimzidishia huruma. Basi ndiyo hii, alijiambia. Akili ya bibi ni nzima, kinachoumwa ni moyo. Alifurahi kwa ajili ya Odilia, kwa sababu huzuni inatibika, na mama mkwe mwenye akili timamu anaweza kukabidhiwa mtoto. Alikuwa tayari anainuka kwenda kumwita.

"Ngoja, mwanangu."

Bibi Nashipai alimshika mkono, akavuta kiti hadi magoti yao yakagusana. Aliutazama mlango kwanza, kisha akaichukua ile fomu ya sonona, akaikunja mara mbili na kuifutika ndani ya shuka lake.

"Hiyo usimwonyeshe. Mwandikie nimesahau. Mwandikie akili imeondoka, mtoto nisipewe, aende akajifungulie kwao salama." Alisogeza mdomo sikioni mwa Celestina. "Wanaume walimzika kitindamimba wangu wiki tatu zilizopita, na kwetu aliyekufa hatajwi jina. Huyo hapo nje hajui, na hatajua mpaka azae."