Glavu ya Sikudhani

Uligeuza uso siku mashine ya mkonge ilipomkata Sikudhani mkono, usiseme hukuona. Leo amerudi langoni mwa kiwanda kudai haki yake.

"Dada, salamanda ni kama mjusi tu, lakini akikatwa mkono huota mwingine," nyapara akamcheka. "Nenda nyumbani ukauote."

"Na ninyi ni papa," akajibu. "Jino likidondoka, la nyuma linasogea mbele kushika nafasi yake."

Foleni ya waomba kazi ikasogea. Binti aliyemfuata akapewa glavu ya Sikudhani, imefuliwa na kushonwa pale ilipochanwa na mashine. Alipoivaa, vidole ambavyo Sikudhani hana tena vikaanza kumwasha.

"Mdogo wangu, ivue!" Sikudhani akapaza sauti.

Binti anaingia. Lango linaanza kufungwa. Wewe unayesoma, mshike binti mkono, sasa hivi.