Darubini ya Shemeji

Daktari alishika kamera ya watu kwa mkono mmoja, akaizungusha lenzi na kuichomoa kama anayefungua chupa ya soda.

"Taratibu!" Kipanga alifoka. "Hiyo ndiyo inayolisha nyumba hii, shemeji."

Walimwita Kipanga kwa ukali wa jicho lake. Miaka thelathini ya kupiga picha za harusi, na hakuna bibi harusi aliyetoka pichani mwake akiwa amepepesa macho. Leo kasimamishwa juu ya paa la nyumba yake mwenyewe, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, jua halijazama, amtazame mdogo wa mkewe akicheza. Mkewe ndiye aliyemburura. "Kamsaidie tu, baba watoto. Kanunua kidarubini, hajui pa kuanzia."

Kidarubini, kweli. Bomba la plastiki, miguu mitatu ya bati, na karatasi ya maelekezo yenye picha ya mtoto anayecheka. Lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Daktari mzima, mtu wa koti jeupe na foleni ya wagonjwa, alikikodolea macho kana kwamba kimeshushwa kutoka mbinguni.

Aliondoa kioo cha kutazamia, akachomeka mahali pake kipande cha bomba, kisha akaifunga kamera nyuma yake kwa pete ya chuma. Kamera ikaning'inia. Miguu ya bati ikatetemeka, na nusu mwezi uliokuwa umeshatoka ukawaponyoka.

"Umeona?" Kipanga alisema. "Kichwa cha tembo, miguu ya mbu. Ning'iniza jiwe hapo katikati kitulie. Wala usibonyeze kwa kidole, utakitikisa. Iache kamera ijihesabie sekunde, ijipige yenyewe."

"Ahsante, shemeji. Peke yangu ningeumbuka."

Alitoa kidaftari akaandika. Kila alichoambiwa aliandika, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kipanga akazidi kuvimba.

"Sasa niwekee mwezi sawasawa," Daktari alisema, akimwonyesha kirungu cha kuzungusha. "Anza na jicho la kushoto."

Kipanga aliinama kwenye kidirisha cha kamera. Akazungusha mbele, akazungusha nyuma.

"Uji mtupu. Hiki kioo wamekata kwenye kitako cha gilasi."

"Na kwa la kulia?"

"Uji uliochujwa."

Daktari akaandika. "Na harusini, je? Huko uji haupo?"

"Lenzi za siku hizi!" Kipanga alisonya. "Wanatengeneza bora liende. Mwezi uliopita nimerudisha mbili dukani. Muuzaji ananikazia macho, eti hazina kasoro. Mjinga mwingine yule."

Daktari alisogea kwenye darubini. Alizungusha kirungu mwenyewe kidogo tu, akaweka sekunde kumi, akarudi nyuma. Kamera ikalia. Picha ikatokea kwenye kioo cha nyuma cha kamera.

Kipanga aliitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Ndiyo hii? Shemeji, umepiga sufuria ya maziwa! Futa. Rudi kwenye sindano zako, mambo ya picha yana wenyewe."

Jirani aliyekuwa akianua nguo alisogea, akachungulia juu ya bega lake.

"Lo! Mashimo yote hayo! Hata kingo zake unaweza kuzihesabu!"

Kipanga alimsikitikia. Ndivyo walivyo watu wa adabu. Ukiwaonyesha gunia watasema ni hariri. Alishachoka na upuuzi huu. Alinyoosha mkono achukue kamera yake, mkono ukapita kando, akaunyoosha tena.

Mkewe, aliyekuwa akikunja shuka tangu walipopanda, aliacha kukunja. Hakuuliza habari za mwezi.

"Vipi?" alimuuliza mdogo wake, kwa sauti ya chini.

Daktari alifunga kidaftari. "La kushoto limeshakwenda, dada. Jicho la kulia, nikimfanyia upasuaji wiki hii, tunaliwahi."