Jasho la Dobi

"Si wewe uliyesema ardhi ni ya aliyeitolea jasho?" dobi alifoka, mikono imejaa povu. "Kila asubuhi unajizoezea muhadhara barazani kwa sauti ya mnadani. Mtaa mzima tumeshahitimu!"

Jirani yake, mwalimu wa chuo, alikuwa anafunga kufuli kwenye lango la uzio mpya aliouzungushia kiwanja cha jirani. Zamani kiwanja hicho kilikuwa jalala la wote. Dobi ndiye aliyezoa taka, akafyeka, akafunga kamba za kuanikia nguo zinazomlisha.

"Wale wanafalsafa wa uhuru waliosema hivyo walimaanisha mtu huru, mama," mwalimu alisema kwa upole wa darasani. "Jasho la mtumishi, waliandika, ni la bwana wake. Na wewe unanifulia mimi."

Vidole vya dobi, vilivyochubuliwa na sabuni, viliukamata waya wa uzio.

"Yaani nikufulie chupi, halafu na jasho langu liwe lako?"

Mke wa mwalimu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimpokonya mumewe ufunguo, akautumbukiza mfukoni mwa dobi.

"Shoga, ingia tule kabla chakula hakijapoa," alisema. "Huyu mwache hapo nje na wanafalsafa wake."