Mfuko wa Nyaya Mpya

Mtu mzima na ndevu zake, lakini mguu ulikuwa unamchezacheza chini ya meza kama wa mtoto. Kadi mpya ya grafiki ilishakaa ndani ya kompyuta, na pawa saplai mpya ya kuigawia umeme pia. Zilibaki draiva tu, programu za kuiendesha kadi, aingie kwenye gemu.

"Umeshahamisha picha za harusi ya watu kutoka kwenye diski ya hiyo kompyuta?" mkewe, mpiga picha, aliuliza kutoka jikoni. "Wenyewe wako njiani."

"Ikishawaka tu, mke wangu!"

Akabonyeza. Feni zikavuma, taa zikameta rangi zote. Akajipigia makofi.

Mkewe akaingia, akainua boksi la pawa saplai akalitupe. Lilikuwa zito. Ndani mlikuwa na mfuko wa nyaya, haujafunguliwa.

Muuza duka alikuwa amemwambia: "Nyaya za zamani usizirudishe kwenye hii mpya, bosi. Zitakuunguzia diski." Naye aliitikia ndiyo ndiyo, macho yote kwenye kadi. Za zamani alikuwa amezifunga vizuri mno ndani ya kompyuta, akaona uvivu kuzifumua, akazichomeka hizo hizo.

"Jikoni nimezima kila kitu," mkewe alisema, akinusanusa. "Sasa hii harufu inatoka wapi?"